Nosi ni kausha damu ya injini, na timu zetu zimeshakopa

Jumapili iliyopita, baada ya mechi ya mchangani, tulikaa kijiweni Nsemulwa tukibishana kama kawaida. Mada ilianza na Simba na Yanga, ikapita kwenye kadi nyekundu ambayo kila mtu aliiona kivyake, ikaishia kwenye Altezza nyeupe iliyoegeshwa chini ya mwembe.

Gari ni la mshkaji wangu. Huyu ndiye anayeinunulia timu yetu ya mtaa mipira na maji ya kunywa, kwa hiyo akiongea watu wananyamaza. Alituambia ameshampata mtu Dar es Salaam wa kumtafutia mtungi wa nosi. Kuna jamaa wa upande wa pili wa mji mwenye Mark II amekuwa akimcheka, na sasa wamewekeana ahadi ya kumalizana usiku, barabarani.

"Mwandishi, andika kwamba Mpanda sasa tuna gari la mbio," aliniambia mbele ya watu.

Naandika, kaka. Ila sidhani kama ni hiki ulichoniomba.

Mimi ni mtu wa mpira. Kwenye injini najua kujaza mafuta na kulalamika bei. Ndiyo maana kesho yake nilikwenda kumwona fundi mmoja hapa mjini, mzee aliyeanza kufungua injini kabla mimi sijazaliwa. Nilimuuliza swali moja tu: nosi inafanya nini? Akajifuta oili mikononi, akanijibu: "Kijana wangu, ule mtungi hautoi nguvu bure. Unakukopesha."

Neno hilo lilinikaa kichwani. Mikopo tunaijua huku mtaani. Ile ya kausha damu unapewa fedha asubuhi, jioni unacheka, wiki ya tatu wanakuja kubeba friji.

Tuanze na yenyewe. Nosi ni jina la kijiweni la gesi ya naitrasi oksaidi, ileile ambayo madaktari wa meno wamekuwa wakiwapa wagonjwa kupunguza maumivu tangu karne ya 19. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajerumani waliifunga kwenye baadhi ya ndege zao za kivita ili injini zisiishiwe pumzi kule juu ambako hewa ni nyepesi. Sisi vijana tuliijua kwenye filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001. Dereva anabonyeza kitufe, taa za barabarani zinageuka mistari, mambo yanaisha.

Wengi wanadhani nosi ni mafuta. Siyo, yenyewe haiwaki. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Kwenye hewa ya kawaida, ukipima kwa uzito, oksijeni ni kama asilimia 23. Kwenye naitrasi ni asilimia 36. Ikiingia ndani ya silinda na joto likafika kama nyuzi 300 za Selsiasi, gesi hiyo inavunjika na kuiachia oksijeni yake. Oksijeni ikizidi, unaweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa mara moja, na petroli nyingi ikichomwa kwa wakati wake ndiyo nguvu.

Kuna faida ya pili. Kwenye mtungi gesi hiyo imebanwa hadi kuwa kimiminika. Ikitoka, inachemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, kwa hiyo inapoza hewa inayoingia kwenye injini. Hewa ya baridi imeshikana zaidi, na injini inaipenda.

Ndiyo maana huku kwetu nosi inamvutia mtu. Mpanda tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na gari lisilo na turbo hupoteza karibu moja ya kumi ya nguvu zake ukilinganisha na likiwa Dar es Salaam. Mashabiki wa soka mnalielewa hili vizuri. Timu ikienda kucheza La Paz kule Bolivia, zaidi ya mita 3,600 juu, unaona wachezaji wazuri kabisa wanashika magoti mapema. Sasa fikiria mchezaji mmoja kati yao amebeba mfuko wake wa hewa mgongoni. Huyo ndiye gari lenye nosi.

Mpaka hapo mshkaji wangu yuko sahihi. Nosi inafanya kazi, tena kwa bei ndogo kuliko kufunga turbo. Tatizo linaanza pale tunapouliza nani analipa.

Altezza yake ni ile ya silinda nne yenye injini ya 3S-GE, iliyotoka kiwandani Toyota ikiwa na nguvu za farasi 210. Anataka kuongeza 75. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya nguvu zote, inaingia kwa sekunde moja, kwenye pistoni zilezile, konrodi zilezile na gasketi ileile. Injini hiyo tayari inaubana mchanganyiko wake mara 11 na nusu kabla ya plagi kuwasha, kiwango cha juu ambacho hakiachi nafasi kubwa ya makosa. Linganisha na 2JZ ya turbo iliyokuwa kwenye Supra, ile ambayo vijana wanaitaja kama wanavyomtaja Messi. Ile inabana mara nane na nusu tu, na blok yake ni ya chuma kizito. Ilijengwa ikijua kwamba mzigo unakuja.

Halafu kuna umri. Toyota iliacha kutengeneza Altezza mwaka 2005. Hata iliyo changa kabisa imeshapita miaka 20. Kabla ya kufika kwetu ilitembea Japani, ikavuka bahari, ikabadilisha mikono, na hakuna anayejua oili ilibadilishwa lini. Kumfungia nosi mzee huyo ni kama kumchukua beki wa miaka 38 mwenye goti bovu, ukamchoma sindano ya maumivu na kumwambia amkabe winga wa miaka 19.

Fundi alinieleza kinachotokea mambo yakienda kombo. Oksijeni ikiingia nyingi na petroli ikawa ndogo, moto ndani ya silinda unazidi kiasi. Mchanganyiko unaanza kujiwasha wenyewe, kabla ya wakati, huku pistoni bado inapanda. Injini inagonga. Pistoni inapigwa kutoka juu wakati yenyewe inasukumwa kutoka chini. Inapata tundu, au ringi zinavunjika, au konrodi inapinda na kutoboa blok. Wala halihitaji kuwa jambo la dakika nyingi. Pampu ya mafuta iliyochoka ikikohoa kwa sekunde chache tu, injini imenoki.

Je, kuna njia salama? Ipo, na wanaofanya kazi hii vizuri wanaijua. Unaanza kwa kupima kompresheni ya kila silinda ili ujue afya ya injini. Unahakikisha pampu ya mafuta na nozeli zinaweza kuleta petroli ya ziada. Unaweka plagi za baridi zaidi. Unarudisha taimingi nyuma, mafundi wengi huhesabu karibu digrii 2 kwa kila nguvu 50 za farasi unazoongeza. Unafunga swichi inayozuia gesi isitoke mpaka mguu wa mafuta uwe umekanyagwa mpaka chini na injini imeshavuka mizunguko 3,000 hivi kwa dakika. Mtungi wenyewe unafungwa imara, mbali na joto, ukiwa na valvu ya usalama, maana presha ndani yake ni kubwa kuliko ya tairi la gari dogo kwa karibu mara 30.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, unafungua injini na kuweka pistoni na konrodi za kughushi, yaani zilizofuliwa kwa kugandamizwa badala ya kumiminwa kwenye kalibu.

Ukipiga hesabu ya hayo yote, mtungi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwenye orodha. Na ndiyo kitu pekee ambacho mshkaji wangu alikuwa amekipangia bajeti. Mtungi wa kilo 4 na nusu, ukiutumia kuongeza nguvu 100, unaisha ndani ya dakika mbili. Baada ya hapo una gari lilelile, limechoka zaidi.

Nikawaza: hii hadithi mbona naijua? Naiandika kila msimu.

KenGold ya Chunya, majirani zetu wa Nyanda za Juu Kusini, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2024/25. Mzunguko wa kwanza ukawa mgumu. Dirisha dogo la Januari 2025 likafika, wakabonyeza kitufe. Wakaleta majina, akiwemo Bernard Morrison aliyewahi kuvaa jezi za Yanga na Simba. Kelele zikawa nyingi, mitandao ikachangamka, kuna siku timu ilionekana imefufuka. Mwisho wa msimu ilimaliza mkiani na kushuka daraja. Simlaumu Morrison. Gesi ilifanya kazi yake. Injini iliyopokea gesi haikuwa imeandaliwa.

Kabla yao kulikuwa na Singida United. Ilirudi Ligi Kuu mwaka 2017 na wadhamini, kocha Hans van der Pluijm na wachezaji wa kigeni. Msimu huo wa kwanza ilishika nafasi ya tano na kufika fainali ya Kombe la FA, iliyochezwa Arusha Juni 2018, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar. Tuliwaita tishio jipya. Miaka miwili baadaye walishuka daraja wakiwa wa mwisho. Mtungi uliisha.

Na hao Mtibwa waliochukua kombe siku ile? Wana injini ya siku nyingi. Mabingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, na kwa miaka mingi wamejulikana kwa timu yao ya vijana. Mwaka 2024 nao walishuka. Hakuna injini isiyoharibika. Lakini msimu mmoja tu uliofuata walirudi Ligi Kuu, tena wakiwa mabingwa wa Championship. Injini iliyojengwa inaweza kufunguliwa, ikatengenezwa na kuwashwa tena.

Nisiwaseme wengine nikajisahau. Mwaka jana timu yetu ya mtaa iliingia kwenye kombe la mbuzi. Tulikuwa na vijana waliofanya mazoezi miezi mitatu, kila jioni, kwenye vumbi. Robo fainali ilipofika tukaingiwa na tamaa. Tukaleta mamluki watano kutoka nje ya mkoa, tukawalipa nauli, chakula na posho. Mimi nilikuwa kwenye kikao kile na nilinyoosha mkono kukubali.

Tulichukua mbuzi, tukamla. Wiki iliyofuata mazoezini walikuja watu saba. Kijana wetu wa namba sita, ambaye alikaa benchi kumpisha mtu asiyejua hata njia ya kufika uwanjani, alikuwa ameshaanza kuendesha bodaboda ya mtu. Mpaka leo hajarudi. Nikimsimamisha ananipakia, tunaongea mambo mengine.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 na mpaka sasa haujatoa timu ya Ligi Kuu. Kila mwaka tunasema hatuna vipaji, au hatuna fedha. Lakini fedha za mamluki huwa zinapatikana, na fedha za kocha wa watoto huwa hazipatikani. Hiyo ni bajeti ya mtungi bila bajeti ya pistoni.

Turudi kwenye magari, maana najua mtu ataniambia, "Acha woga, mbio ni mbio." Sawa, tuzungumze mbio.

Kwenye mbio za magari zinazofuata kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, kama hizi za rali, kitu pekee kinachoruhusiwa kuchanganywa na mafuta ili yawake ni hewa. Nosi hairuhusiwi. Inaruhusiwa kwenye baadhi ya madaraja ya mbio fupi za mstari ulionyooka, ambako gari linakimbia sekunde chache na injini inafunguliwa mara kwa mara. Dereva wa rali akikutwa na mtungi ni sawa na mkimbiaji aliyekutwa na dawa.

Na rali ndiyo mchezo wetu wa kihistoria. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba tu. Miaka miwili baadaye Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya ambaye mashabiki walimwita Simba wa Safari, alishinda na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 ambayo haikuwa hata mpya. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Watu walimpenda kwa sababu gari lake lilifika. Kwenye tope, mawe na vumbi kama letu, aliyejua kuisikiliza injini alimshinda mwenye nguvu nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo linanikosesha usingizi kuliko pistoni. Mshkaji wangu na yule wa Mark II hawana uwanja wa mbio. Wana barabara yetu. Ile lami tuliyoililia miaka yote ndiyo wanataka kuipimia nosi saa nne usiku, wakati mama ntilie anafunga biashara, bodaboda zisizo na taa zinakatiza na watoto wanatoka kuangalia mpira kwenye kibanda umiza. Kisheria mwendo wa maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Ukitoka nje ya mji kuelekea Sitalike unaingia kwenye njia ya wanyama wa Hifadhi ya Katavi, na kiboko akiamua kuvuka hakuangalii una farasi wangapi.

Gari linaloenda kilomita 140 kwa saa linatembea karibu mita 39 kwa sekunde moja. Katika muda ambao dereva anashtuka tu, kabla mguu haujagusa breki, ameshamaliza zaidi ya theluthi ya uwanja wa mpira. Na breki za gari hilo ni zilezile za zamani. Hakuna aliyeniambia kwamba mtungi unakuja na breki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na wanaotaka kunizomea waanze.

Kwa mshkaji wangu: fedha za mtungi ziweke kwanza kwenye injini, breki na matairi. Injini ikishapona, ukapata mahali palipofungwa na fundi anayejua kuseti, nosi yako funga tu, nitakuja kupiga picha mwenyewe. Barabarani usiku, usinihesabu.

Kwa wanaosimamia mbio za magari nchini na viongozi wa mkoa: mashindano ya rali tunayasoma yakiwa Arusha, Tanga, Morogoro na Iringa. Leteni hata siku moja huku. Kipande cha barabara ya vumbi kifungwe, polisi wawepo, gari la wagonjwa liwepo, watu walipe kiingilio. Vijana wanaopenda kasi hawataacha kwa kukatazwa. Wapeni pa kuipeleka.

Kwa viongozi wa timu, kuanzia Ligi Kuu mpaka sisi wa kombe la mbuzi: kabla hamjaenda dirishani, pimeni kompresheni ya timu yenu. Muulize mna vijana wangapi chini ya miaka 20 wanaoweza kuanza mechi. Jibu likiwa sifuri, huyo staa mnayemleta atawapa furaha ya wiki tatu na deni la miaka mitatu.

Jumamosi nilimsindikiza mshkaji wangu kwa yule fundi. Kipimo kikaingizwa kwenye tundu la plagi, silinda moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikawa nzuri, ya pili nzuri. Ya tatu mshale ulipanda kidogo ukagoma. Fundi akarudia. Ukagoma palepale. Mshkaji alikaa kimya, akaangalia gari lake kama vile ndiyo kwanza analiona.

"Ungefunga ule mtungi," fundi akasema, "hii silinda ndiyo ingekuwa ya kwanza kukuaga."

Mtungi umesubirishwa. Yule wa Mark II bado anacheka, acha acheke. Jumapili hii tunacheza tena, na safari hii kikosi kizima ni cha hapahapa. Beki wetu wa kushoto ana miaka 17 na inawezekana tukafungwa nyingi. Njooni muone.